Musira Kikipotea

Kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kutafuta kisiwa. Nikifika kituoni, pale uwanja wa ndege wa Bukoba, kabla sijafungua daftari nilitoka nje nikasimama kuelekea Ziwa Viktoria, nitazame kama Musira kipo. Musira hakiendi popote. Ni kisiwa cha majabali kilichokaa mbele ya mji, kilomita chache tu kutoka ufukweni, na kila mtoto wa Bukoba anakijua. Lakini sisi wapimaji wa hali ya hewa tulikifanya rula. Kikionekana hata nyufa za mawe yake, rubani na aje. Kikiwa kivuli cha kijivu, tunaanza kuwa na wasiwasi. Kikipotea, basi mvua iko umbali wa dakika chache, na kama kuna ndege njiani, mtu fulani lazima aambiwe sasa hivi.

Nilistaafu mwaka 2015 na sasa niko nyumbani Kamachumu, wilayani Muleba, na migomba yangu. Watu wakisikia nilifanya kazi uwanja wa ndege hudhani nilikuwa mwongoza ndege. Hapana. Mwongoza ndege ana mafunzo yake na leseni yake, na kwa safari zetu za ziwani mara nyingi alikuwa amekaa mbali, Mwanza au Dar es Salaam, na kipaza sauti mbele yake na karatasi nyembamba zenye namba za ndege. Anga la Bukoba halioni. Mimi nilikuwa jicho lake. Nilisoma vipimo, nikaviandika, nikampa mwenzangu wa redio karatasi, naye akaisoma kwa sauti ya taratibu mpaka upande wa pili useme umepata. Naandika habari hizi kwa sababu naamini kwamba ndege iliyo mashakani juu ya ziwa hili haijawahi kutegemea kitu kikubwa kuliko neno linalotoka ufukweni kwa wakati. Na hilo neno lina historia yake hapa kwetu, ndefu kuliko uwanja wenyewe.

Inaanza na mlingoti. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, aliweka boma Bukoba mwaka 1890, na baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakasimamisha kituo cha simu ya upepo. Ndivyo wazee walivyoita redio: simu ya upepo, simu isiyo na waya. Ziwa halina nguzo za kufungia waya, kwa hiyo aliyetaka kusema na Mwanza kutoka Bukoba bila kusubiri meli ilimbidi atumie hewa. Babu yangu alisimulia habari za "mti wa chuma unaosema", na nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi ya kutulaza. Kumbe mti ulikuwepo, tena ulipiganiwa. Tarehe 22 Juni 1915 Waingereza walishuka pwani ya Bukoba alfajiri, watu wapatao 1,600 waliokuja kwa meli za moshi kutoka Kisumu, miongoni mwao mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63 akiwa amebeba bunduki. Mji ulikuwa mdogo na ngome yake ndogo. Walichokifuata hasa ni ule mlingoti. Walipigana siku mbili, wakauangusha, mji ukaporwa, wakapanda meli wakarudi walikotoka.

Huwa najiuliza maana yake. Jeshi zima limevuka ziwa ili kunyamazisha sauti moja. Waliojua vita walijua pia kwamba ng'ambo ya maji haya, mwenye uwezo wa kupeleka habari mapema ndiye mwenye nguvu. Tuliokuja baadaye, wakati wa amani, hatukuithamini sauti hiyo kiasi hicho.

Ndege za kwanza za abiria katika ziwa hili hazikuhitaji uwanja. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilianza safari yake ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na kipande cha mwisho, kuanzia Khartoum kufuata Nile, kilifanywa na mashua zinazoruka, aina ya Calcutta, zilizotua juu ya maji. Zama zile ndege kushuka ziwani ilikuwa ndiyo safari imefika salama. Miaka michache baadaye, njia ya kwenda kusini ilipopangwa upya, Kisumu ikawa kituo kikubwa. Bukoba haikupata fahari hiyo. Sisi tulibaki na meli, na kahawa yetu ikaondoka kwa meli, na wanafunzi, na wagonjwa, na barua.

East African Airways ilianzishwa tarehe 1 Januari 1946, na kidogo kidogo mji wetu ukaingia katika ratiba za angani. Zama hizo habari zote za anga, za hali ya hewa na za safari, zilikuwa kazi ya Afrika Mashariki nzima, na makao yake yalikuwa Nairobi. Mpimaji wa Bukoba akisoma kipimamvua, namba yake ilikwenda Nairobi, na utabiri ukarudi kutoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tulirithi vibanda vyeupe vya vipimajoto, lakini ubongo wa kazi ulikuwa umebaki upande wa pili wa mpaka. Ilibidi Tanzania ijenge idara zake upya. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, ndege za Idi Amin wa Uganda zikapiga mabomu Bukoba. Nilikuwa kijana wa miaka 23. Nakumbuka vioo vilivyopasuka, na nakumbuka kwamba kwa miaka mingi baada ya vita mama yangu alikuwa akisikia mlio wa ndege anaingia ndani na kufunga dirisha, hata ndege hiyo ikiwa imebeba magazeti.

Mimi niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafunzo katika chuo cha hali ya hewa Kigoma. Kazi yenyewe ni ndogo ukiitazama kwa mbali. Kila saa unatoka nje. Upepo unatoka wapi, na nguvu yake. Umbali wa kuona, kwa mita. Mawingu ni ya namna gani na tumbo lake liko futi ngapi. Joto. Mwisho ni mgandamizo wa hewa, na hapo ndipo mwalimu wetu Kigoma alipokuwa akipiga meza. Kipimo cha urefu ndani ya ndege hakijui ardhi iko wapi. Kinajua mgandamizo tu, na rubani hukirekebisha kwa namba anayopewa kutoka chini. Ukikosea hektopaskali moja umemdanganya kwa futi karibu 30. Juu ya milima ya Karagwe rubani ataona mlima kwa macho. Juu ya ziwa lililotulia, kukiwa na mvua nyepesi, maji na hewa huwa rangi moja, hakuna mstari wa upeo, na macho ya mwanadamu hayawezi kujua maji yapo futi 300 au futi 30 chini yake. Hapo namba uliyoisoma huku umesinzia ndiyo sakafu anayokanyaga mtu mwingine.

Tena kuna jambo la asubuhi, ambalo mgeni halijui na mwenyeji analijua bila kujua kwamba analijua. Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Na mvua yetu inapenda alfajiri. Bibi zetu walisema ni Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, anayerudi nyumbani usiku, na wavuvi hawakutoka bila kumkumbuka. Chuoni nilifundishwa njia nyingine ya kusema jambo hilohilo. Usiku nchi kavu hupoa upesi na ziwa hubaki na joto lake, kwa hiyo hewa nzito ya ardhini inateremka kuelekea majini kutoka pande zote: Uganda, Kenya, Mara, Mwanza, na kwetu. Inakutana katikati ya ziwa, haina pa kwenda ila juu, na ikipanda inakuwa mawingu marefu yenye radi. Halafu upepo wa kawaida wa anga la juu, unaotoka mashariki, unayasukuma mawingu hayo magharibi. Magharibi ya ziwa ni sisi. Ndiyo maana mtu wa Mwanza anaweza kuamka na jua wakati mtu wa Bukoba anaamka na ngurumo, na ndiyo maana saa mbili na saa tatu asubuhi, wakati ndege iliyoondoka Dar es Salaam alfajiri inapokaribia, mkia wa dhoruba ya usiku huenda bado umelala juu ya uwanja wetu.

Na uwanja wenyewe umekaa mdomoni mwa ziwa. Njia ya kurukia inaishia majini. Anayetua akitokea ziwani hana nyumba wala miti ya kumpa kipimo, ana maji tu, halafu ghafla lami.

Katika vitabu vya waongoza ndege duniani kote kuna ngazi 3 za hatari, na kila mmoja anazikariri: mashaka, tahadhari, dhiki. Ngazi ya mashaka inaanza ndege ikikaa kimya dakika 30 tangu ilipotakiwa kusema. Kwa anayevuka Bahari ya Hindi kanuni hiyo ina busara yake. Redio ya masafa marefu inakwaruza, sauti inapotea na kurudi, na ukimtia kila aliyenyamaza robo saa katika hesabu ya waliozama, hutafanya kazi nyingine. Lakini chukua ramani. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 175, na ndege ndogo inazimaliza kwa muda usiofika saa moja. Dakika 30 za kimya ni sehemu kubwa ya safari nzima. Ipo kanuni nyingine ya kutusaidia, kwamba ndege iliyoruhusiwa kutua isipotua ndani ya dakika 5 za muda wake na isijibu, tahadhari ipigwe. Dakika 5 ni chache kwenye karatasi. Ndani ya maji ni nyingi mno.

Mwaka 1996 ulitufundisha mambo haya kwa ukatili. Tarehe 21 Mei, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, baada ya kuondoka kwetu jioni na kupitia Kemondo. Ilikuwa meli ya watu 430, na waliokuwemo walikuwa wengi zaidi ya hapo. Waliokufa ni mamia, na hesabu kamili haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Hakuna nyumba Kamachumu, Nshamba au Kemondo ambayo haikuguswa, yenyewe au jirani yake. Watu walikuja kituoni kwetu kuuliza kama usiku ule kulikuwa na dhoruba. Walitaka iwe dhoruba. Ni rahisi kumsamehe Mugasha kuliko kusikia kwamba meli ilijazwa kupita kiasi na haikuwa imara majini. Novemba ya mwaka huohuo, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini mita mia chache kutoka ufukwe wa Komoro. Watu 175 walikuwemo, 125 wakafa. Waliowatoa majini walionusurika hawakuwa kikosi chochote cha uokoaji. Walikuwa wageni wa hoteli iliyo karibu na watu wa ufukweni wenye vyombo vyao. Nilikata habari ile gazetini nikaihifadhi, sikujua kwa nini.

Nina asubuhi mbili ninazozibeba. Ya kwanza ni ya Bukoba, mwezi Machi, mvua za masika zikianza. Ndege ndogo ilikuwa inatoka Mwanza, rubani mmoja aliyetuzoea. Mwenzangu alipokwisha kumsomea namba zote kwa Kiingereza cha kazi, rubani akauliza kwa Kiswahili, "Mwambie mzee wa vipimo, Musira anakiona?" Nikatoka mbio. Nilipoondoka mlangoni kisiwa kilikuwepo, kivuli. Nilipofika kwenye majani ya uwanja hakikuwepo, kulikuwa na ukuta mweupe unaotembea, na harufu ya udongo uliokwisha lowa mahali pengine. Nikapiga kelele kutoka palepale, "Hakipo! Arudi!" Mwenzangu hakungoja niandike. Rubani akasema asante, akageuza. Mvua ilitupiga kabla hatujafunga dirisha.

Asubuhi ya pili ni ya kituo kingine kidogo nilichopangiwa kwa muda, sikitaji. Umeme ulikatika usiku na betri ya redio ilikuwa imekufa siku nyingi. Tulikuwa tumeandika barua, na barua zilikuwa zimejibiwa kwa barua. Ndege ikaja. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti. Nilisimama nje na mwavuli nikiisikia ikizunguka juu yangu, na nilikuwa na maneno kumi tu aliyoyahitaji yule rubani, namba ya mgandamizo na tumbo la mawingu na neno rudi, na sikuwa na njia ya kuyapandisha. Alizunguka mara tatu. Mara ya tatu alishuka mpaka nikajiona nainama. Kisha mlio ukaelekea kusini ukafifia. Jioni tulipata habari kwamba ametua salama uwanja mwingine. Sijawahi kuyasahau maneno yale kumi, na namba ile ya mgandamizo ninaikumbuka hadi leo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa Jumapili. Kwetu Novemba ni mwezi wa senene. Usiku watu wanakesha wakiwatega panzi hao kwa taa kali na mabati, na mvua ndiyo inayowaleta. Nilikuwa natoka misa ya kwanza Kamachumu simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu, zote kwa pamoja. Ndege ya Precision Air, safari namba PW 494 kutoka Dar es Salaam, ATR yenye watu 43, imeanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba kwenye mvua. Ilikuwa saa tatu kasoro hivi asubuhi. Nilisikia saa hiyo nikafumba macho, kwa sababu ni saa ninayoifahamu.

Nilifika mjini mchana. Mkia wa ndege ulikuwa umesimama juu ya maji, na mengine yote yalikuwa chini. Ilikuwa karibu na ufukwe kiasi kwamba ungeweza kumwita mtu aliye pale akageuka. Wavuvi walikuwa wamefika kwanza, na mitumbwi ileile wanayovulia dagaa. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi ambaye nchi nzima ililijua jina lake kabla ya jua kuzama, kwa simulizi yake alisaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia, akajeruhiwa alipojaribu kuwafikia marubani, akazindukia hospitali. Wakazi wakavuta ndege kwa kamba, mamia ya mikono katika mvua. Watu 24 waliokolewa. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo, na kesho yake miili ikaagwa uwanja wa Kaitaba mbele ya Waziri Mkuu.

Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi. Mimi ninasema juu ya nilichokiona kwa macho yangu ya kazi. Nilitembea ufukweni nikamkuta mvuvi mzee, amejifunika mfuko wa plastiki mabegani. Nikamwamkia, nikamuuliza aliona nini.

"Tuliisikia kabla ya kuiona, waitu," akasema. "Mlio ulikuwa chini. Nikawaambia vijana, hii iko chini mno."

"Mkampigia nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza swali la lugha ngeni. "Tungempigia nani? Tulichukua kasia."

Yule mzee alitangaza dhiki kabla ya chombo chochote. Sikio lake lilifanya kazi ya mnara mzima, na neno lake likaishia kwa vijana wanne waliokuwa naye mtumbwini. Bahati yetu, vijana hao walijua kupiga kasia.

Tangu nilipoanza kazi mengi yamesogea mbele, nami nafurahi kuyaandika. Njia ya kurukia ya Bukoba ni ya lami sasa. Rada za kuongozea ndege za kiraia zipo Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa hiyo mwongoza ndege wa Mwanza ana kioo cha kutazama pale ambapo wenzake wa zamani walikuwa na karatasi na kumbukumbu. Mwanza kumekuwa na mradi wa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji ziwani. Uwanja mkubwa wa Omukajunguti, kule Missenyi, umezungumzwa tangu nikiwa kazini, mbali na ufukwe. Vyote hivi navitaka. Lakini rada inaona ndege, haiwezi kuona kama Musira kimepotea. Wala kioo cha Mwanza hakitamsikia mzee wa mtumbwini mpaka mtu ampe yule mzee namba ya simu, amwambie jina la atakayepokea, na atakayepokea awe macho alfajiri.

Mpwa wangu anavua Goziba, kisiwa chetu cha Muleba kilicho mbali huko ndani ya maji. Yeye analala ambapo dhoruba inazaliwa, mimi nalala ambapo inafika. Tangu Novemba ile tumekubaliana: akiona anga limebadilika, ananipigia, saa yoyote. Jana alipiga kukiwa bado na giza.

"Shikamoo mjomba. Umelala?"

"Marahaba. Sema."

"Mashariki inawaka. Upepo umekufa ghafla, na maji yamenyamaza."

"Mitumbwi?"

"Tumeipandisha yote. Na wale wa kambi ya pili nimewaambia."

Nikawasha taa, nikachukua daftari, nikaandika kama nilivyofundishwa Kigoma: tarehe, saa kumi na moja na robo alfajiri, radi, mashariki ya Goziba, upepo hakuna. Kisha nikampigia kijana mmoja aliyerithi kiti changu kule uwanjani. Akapokea mlio wa pili.